Kikonyo, Kitalu na Chupa: Historia ya Urithi wa Mizabibu ya Wente na Uwezo wa Chardonnay ya California Kukaa Miaka Mingi, 1912–2000

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya mizabibu ya Chardonnay inayojulikana kwa jina la Wente, iliyokuzwa katika Bonde la Livermore, jimbo la California, Marekani, tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Swali la msingi ni hili: wazalishaji wanapodai kwamba mvinyo wao hukaa miaka mingi kwa sababu unatokana na mizabibu ya urithi, dai hilo lina uzito gani wa kihistoria? Makala yanaonesha kwamba neno “urithi” linabeba matabaka matatu, yaani nasaba ya mmea, hali ya afya yake, na desturi ya kazi katika kiwanda cha mvinyo. Matabaka hayo yalisafiri pamoja hadi miaka ya 1950, kisha yakatenganishwa na kazi ya usafishaji wa mizabibu iliyofanywa na Chuo Kikuu cha California, Davis. Hitimisho ni kwamba nasaba peke yake haielezi uwezo wa mvinyo kukaa.

1.0 Utangulizi

Mvinyo mweupe kwa sehemu kubwa hutengenezwa ili unywewe ndani ya mwaka mmoja au miaka michache baada ya mavuno. Hata hivyo, ipo Chardonnay ambayo hutunzwa chupani kwa miaka kumi, ishirini na hata zaidi. Kadiri inavyokaa, harufu ya tunda bichi hupungua na nafasi yake huchukuliwa na harufu ya njugu, asali na mkate uliookwa, ilhali ukali wa asidi huendelea kuushikilia mvinyo usilegee. Mvinyo wa namna hii utaitwa katika makala haya mvinyo wa kukaa.

Makao ya kwanza ya Chardonnay ya kukaa ni Burgundy, mashariki mwa Ufaransa. Huko California, sifa hiyo ilijengwa na mashamba machache ya milimani, na mengi ya mashamba hayo yalipata mizabibu yake, moja kwa moja au kupitia mikono ya watu wengine, kutoka kwa familia ya Wente. Kwa sababu hiyo jina Wente limekuwa zaidi ya jina la kampuni. Kwa wakulima, linataja ukoo wa mizabibu. Kwa wauzaji, ni ithibati ya ubora. Na kwa mwanahistoria, ni dai linalohitaji kupimwa.

Kupima dai hilo kunahitaji ushahidi wa aina mbalimbali. Upo ushahidi wa simulizi, hasa kumbukumbu za wakulima wenyewe zilizorekodiwa katika uzee wao. Upo ushahidi wa hati, kama vile rekodi za vitalu na za chuo kikuu. Upo pia ushahidi wa vinasaba, ambao haukupatikana hadi mwishoni mwa karne ya 20. Mwisho, upo ushahidi wa mvinyo wenyewe uliobaki chupani. Kila aina ya ushahidi hujibu swali lake, na makosa mengi katika fasihi ya mvinyo hutokea pale jibu la ushahidi mmoja linapotumiwa kujibu swali la ushahidi mwingine.

2.0 Nasaba ya Chardonnay

Kwa muda mrefu Chardonnay ilidhaniwa kuwa mwana wa ukoo wa Pinot. Nchini Marekani iliuzwa kwa miongo kadhaa ikiitwa Pinot Chardonnay, na wataalamu wa mimea walilipinga jina hilo kwa hoja ya umbo la jani na tabia ya mmea. Mwaka 1999, John Bowers, Carole Meredith na wenzao wa Marekani na Ufaransa walichapisha katika jarida la Science matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya aina zaidi ya 300 za zabibu. Walionesha kwamba Chardonnay ni mtoto wa Pinot na Gouais Blanc, na kwamba aina nyingine 15 za kaskazini mashariki mwa Ufaransa, zikiwemo Gamay, Aligoté, Auxerrois na Melon, ni ndugu zake wa baba mmoja na mama mmoja.

Matokeo hayo yaligusa historia ya jamii pamoja na ile ya mimea. Pinot ilikuwa zabibu ya heshima ya mashamba ya watawa na makabaila. Gouais ilikuwa zabibu ya wakulima wadogo, iliyodharauliwa na kupigwa marufuku katika maeneo kadhaa kwa wakati mbalimbali. Zilipandwa jirani, chavua ikavuka mpaka ambao watu waliuchora, na kutokana na mbegu moja ikazaliwa Chardonnay. Jina lake linahusishwa na kijiji cha Chardonnay katika eneo la Mâcon.

Tangu mbegu hiyo ya kwanza, Chardonnay haikuendelezwa kwa mbegu tena. Mzabibu uliooteshwa kwa mbegu hauwi sawa na mzazi wake, hivyo mkulima anayetaka Chardonnay hukata kikonyo, yaani kipande cha tawi chenye macho, na kukiotesha ardhini au kukibebesha juu ya shina lingine. Kwa maana hiyo, kila mzabibu wa Chardonnay ulimwenguni ni mwendelezo wa mmea uleule mmoja. Tofauti kati ya mzabibu na mzabibu hutokana na mabadiliko madogo ya vinasaba yanayojilimbikiza kadiri karne zinavyopita, na pia kutokana na magonjwa ambayo kikonyo hubeba kutoka kwa mama yake.

Ni muhimu pia kutofautisha istilahi mbili. Kloni, kwa maana kamili, ni kizazi cha mzabibu mmoja uliochaguliwa na kuthibitishwa. Uteuzi wa shamba ni vikonyo vilivyokatwa kutoka mizabibu mingi ya shamba moja, kwa kuangalia ile inayompendeza mkulima. Mizabibu ya Wente, katika asili yake, ni uteuzi wa shamba. Kuiita kloni, kama lebo nyingi zifanyavyo, ni kuipa usawa ambao haikuwa nao.

3.0 Kufika kwa Chardonnay Livermore

Bonde la Livermore liko mashariki mwa ghuba ya San Francisco, na udongo wake umejaa changarawe. Charles Wetmore, mmoja wa viongozi wa kilimo cha mizabibu cha jimbo hilo katika miaka ya 1880, anatajwa kuleta vikonyo vya Chardonnay kutoka Burgundy katika muongo huo. Mwaka 1883 mhamiaji kutoka Ujerumani, Carl Heinrich Wente, aliyejifunza kazi kwa Charles Krug katika Bonde la Napa, alianza shamba lake katika bonde hilo la Livermore.

Mtu aliyeipa Chardonnay nafasi katika shamba hilo alikuwa mwanawe, Ernest Wente, aliyesoma katika shule ya kilimo ya Davis. Simulizi ya familia inataja vyanzo viwili. Cha kwanza ni shamba la Theodore Gier, lililokuwa jirani, katika eneo la Pleasanton. Cha pili ni kitalu cha Montpellier, kusini mwa Ufaransa, ambako vikonyo viliagizwa mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka unaotajwa zaidi ni 1912. Ernest na wasaidizi wake walipita shambani mwaka baada ya mwaka, wakitia alama mizabibu yenye afya na ladha nzuri, na vikonyo vya kupanua shamba vikakatwa kutoka mizabibu hiyo.

Sehemu kubwa ya habari hii inatokana na mahojiano ya historia simulizi ambayo Ernest Wente alifanya mwishoni mwa miaka ya 1960, na ambayo yamehifadhiwa na Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Msimulizi alikuwa akikumbuka mambo ya zaidi ya nusu karne iliyopita. Umri wa kumbukumbu hizo hauzifanyi kuwa batili, lakini unaelekeza namna ya kuzitumia. Kumbukumbu hizo ni imara zinapoeleza kazi iliyorudiwa kila mwaka, kama vile kuteua mizabibu. Ni dhaifu zaidi zinapotaja mwaka mahususi au uwiano wa vikonyo kutoka chanzo kimoja na kingine. Kilicho muhimu kwa hoja ya makala haya ni kwamba, hata kwa mujibu wa simulizi ya familia yenyewe, “Wente” haikuwa na mama mmoja. Ilikuwa mchanganyiko wa vyanzo viwili, ukachujwa na jicho la mkulima.

4.0 Marufuku ya Pombe kama Kichujio

Kati ya 1920 na 1933 sheria ya Marekani ilipiga marufuku utengenezaji na uuzaji wa pombe. Athari yake kwa mizabibu haikuwa sawa kwa aina zote. Sheria iliacha mwanya wa kutengeneza mvinyo kidogo nyumbani, na biashara ya kusafirisha zabibu mbichi kwa treni hadi miji ya mashariki ikashamiri. Soko hilo lilitaka zabibu zenye ganda nene na rangi nzito, kama Alicante Bouschet, zinazoweza kuvumilia safari ya siku nyingi. Chardonnay ina ganda jembamba, vichala vidogo na mavuno haba. Kwa mkulima aliyetafuta riziki, kuing’oa au kubebesha aina nyingine juu yake kulikuwa uamuzi wa busara.

Familia ya Wente ilinusurika kwa njia ya kanisa. Mvinyo wa misa uliruhusiwa kisheria, na Wente waliuza mvinyo wao kwa jumla kwa kiwanda cha Beaulieu cha Georges de Latour, kilichokuwa na mkataba wa kuyahudumia makanisa. Kwa hiyo mizabibu yao mieupe iliendelea kuwa na thamani ya fedha wakati ambapo mizabibu ya wengine ilikuwa mzigo. Chanzo kingine kilichosalia kilikuwa mlimani karibu na Saratoga, ambako Paul Masson alikuwa amepanda vikonyo alivyoleta kutoka Burgundy mwishoni mwa karne ya 19. Mizabibu hiyo ilirithiwa na Martin Ray na kuendelezwa katika shamba linalojulikana leo kama Mount Eden.

Marufuku, basi, yalikuwa kichujio. Yaliingia katika historia yakikuta Chardonnay ikiwa chache, na yalipoondolewa, vyanzo vya kuaminika vilivyobaki vilikuwa vya kuhesabika kwa vidole. Ukuu wa Wente katika nasaba ya Chardonnay ya California hautokani tu na ubora wa uteuzi wa Ernest, ingawa ubora huo haupingwi. Unatokana pia na kunusurika. Baada ya 1933, mkulima aliyetaka Chardonnay alikuwa na milango michache ya kubisha, na mlango wa Wente ulikuwa wazi. Mvinyo wao wa mavuno ya 1936, uliouzwa kwa jina la zabibu yenyewe badala ya jina la kuazima la mahali pa Ulaya kama “Chablis” au “Burgundy”, ulisaidia kuitambulisha zabibu hiyo kwa wanunuzi.

5.0 Kutawanyika: Stony Hill na Hanzell

Miaka ya 1940 na 1950 vikonyo vya Wente vilisafiri kwa utaratibu wa ujirani. Hapakuwa na hataza wala ada. Mkulima aliomba, akakata, akafunga mzigo na kuondoka. Mashamba mawili yaliyonufaika yanafaa kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu mvinyo wao ndio uliothibitisha kwanza kwamba Chardonnay ya California inaweza kukaa.

Fred na Eleanor McCrea walinunua ardhi yao kaskazini mwa Napa, juu ya mteremko wenye miamba, mwaka 1943, na kuiita Stony Hill. Walipanda Chardonnay kutoka kwa Wente, na mavuno yao ya kwanza ya kibiashara yalikuwa ya 1952. Utengenezaji wao ulikuwa wa kujizuia. Walitumia mapipa ya zamani yasiyotoa ladha ya mbao, na waliuzuia mvinyo usipitie uchachukaji wa pili, ule ambao bakteria hugeuza asidi ya maliki kuwa asidi ya laktiki iliyo laini zaidi. Matokeo yake yalikuwa mvinyo uliokuwa mkavu na mkali ukiwa mchanga, na uliohitaji miaka chupani ili ufunguke.

James Zellerbach, mfanyabiashara wa karatasi aliyekuja kuwa balozi wa Marekani nchini Italia, alikuwa na nia tofauti. Alitaka kutengeneza mvinyo wa Burgundy katika ardhi ya Sonoma. Mwaka 1953 alipanda Chardonnay na Pinot Noir kwenye mlima ulio juu ya mji wa Sonoma, na kiwanda chake, Hanzell, kilijengwa kwa kuiga sura ya Clos de Vougeot. Mavuno ya kwanza yalikuwa ya 1957. Mtengenezaji wake, Brad Webb, alikuwa mwanasayansi, na vifaa alivyoviingiza vilikuwa vigeni katika viwanda vidogo vya wakati huo: matangi ya chuma kisichoshika kutu yenye kudhibitiwa joto, gesi ya kuzuia hewa isiuguse mvinyo, na mapipa madogo ya mwaloni kutoka Ufaransa. Zellerbach alipofariki mwaka 1963 uzalishaji ulisimama, na sehemu ya mvinyo uliobaki ilinunuliwa na Joe Heitz wa Napa. Shamba lilipita mikononi mwa wamiliki wengine, lakini mizabibu ya 1953 haikung’olewa.

Mashamba haya mawili yalianza na mizabibu ya ukoo mmoja. Yalitofautiana karibu katika kila uamuzi wa kiwandani, na bado yote mawili yalitoa mvinyo wa kukaa. Jambo hili linaweza kusomwa kwa namna mbili. Msomaji mmoja atasema kwamba kama njia zilitofautiana na matokeo yakafanana, basi sababu ni ile iliyokuwa sawa, yaani mizabibu. Mwingine ataona kwamba vitu vingine pia vilikuwa sawa: ardhi ya mteremko isiyo na rutuba nyingi, mavuno madogo kwa ekari, na wamiliki wenye fedha za kutosha kutolazimika kuuza mvinyo mapema. Ili kuamua kati ya usomaji huu na ule, inahitajika hali ambayo nasaba ilibaki ileile na mengine yakabadilika. Historia ilitoa jaribio hilo, na lilifanyika Davis.

6.0 Chuo Kikuu na Usafishaji wa Mizabibu

Mkulima wa muhogo anayebadilishana pingili na jirani yake anajua kwamba pamoja na pingili anaweza kupokea batobato. Vivyo hivyo, kikonyo cha mzabibu husafirisha virusi. Mizabibu ya zamani ya Wente ilikuwa na tabia iliyojulikana sana kwa wakulima: kichala kimoja kilibeba punje kubwa zenye mbegu na punje ndogondogo zisizo na mbegu, kiasi kwamba wakulima walikifananisha na kuku na vifaranga wake. Maua mengi yalipukutika kabla ya kufunga tunda. Mizabibu mingi pia ilikuwa na virusi vya kukunja majani, ambavyo huchelewesha sukari na kupunguza mavuno. Kwa mtunzaji wa mvinyo wa kukaa, punje ndogo zina faida, kwani ganda huwa jingi kwa kulinganisha na maji. Kwa mkulima anayelipwa kwa uzito, punje ndogo ni hasara.

Katikati ya miaka ya 1950, Harold Olmo, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alianza kuteua mizabibu ya Chardonnay kwa ajili ya utafiti. Mingi aliipata katika shamba la Louis Martini katika eneo la Carneros, ambalo lilikuwa limepandwa vikonyo vya Wente katika miaka ya 1940. Olmo alipima mavuno, afya na ubora wa mvinyo katika shamba la majaribio la Oakville. Mizabibu iliyofaulu ilipitishwa katika tiba ya joto, ambapo mmea hukuzwa katika chumba chenye joto kali ili ncha zake zikue haraka kuliko virusi, kisha ncha hizo hukatwa na kuoteshwa. Kutokana na kazi hiyo zilipatikana kloni mbili zilizosajiliwa kwa namba 4 na 5, ambazo wakulima walizijua kwa pamoja kama kloni 108.

Kloni hizi zilibadilisha historia ya kiuchumi ya Chardonnay. Zilizaa sana, vichala vyake vilijaa vizuri, na zilihifadhi asidi hata katika maeneo ya joto. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 jimbo zima la California lilikuwa na mamia machache tu ya ekari za Chardonnay. Kufikia mwaka 2000 zilikuwa takriban ekari 100,000. Bila mizabibu yenye mavuno ya kutegemewa, upanuzi huo usingewezekana.

Hapa ndipo kiini cha tatizo kilipo. Kloni 4 na 5 ni Wente. Nasaba yao inarudi Livermore sawa na ile ya Hanzell na Stony Hill. Lakini mmea uliotoka katika chumba cha joto haukuwa na virusi vilevile, na ulikuwa umeteuliwa kwa kigezo ambacho Ernest Wente hakukipa uzito uleule. Mkulima aliyepanda kloni 4 katika ardhi tambarare yenye rutuba, akaimwagilia na kuvuna tani nyingi, alipata mvinyo wa kunywewa haraka. Mkulima aliyepanda vikonyo visivyosafishwa kwenye mteremko alipata mavuno haba na mvinyo mzito. Wote wawili wangeweza kusema, bila uongo, kwamba mizabibu yao ni ya urithi wa Wente.

Haitakuwa haki kumlaumu Olmo. Lengo la chuo kikuu cha umma lilikuwa kuwapa wakulima mimea yenye afya, na mimea yenye virusi huambukiza mashamba ya jirani kupitia wadudu. Aidha, historia inaonesha gharama ya kutegemea kitu kimoja. Shina la kubebeshea lililoitwa AXR1, lililopendekezwa kwa miongo mingi, liligundulika katika miaka ya 1980 kushindwa kustahimili filoksera, mdudu anayeshambulia mizizi, na katika miaka ya 1990 maelfu ya ekari za Napa na Sonoma ziling’olewa na kupandwa upya. Mashamba mengi yaliyokuwa na vikonyo vya zamani yalipotea wakati huo. Wakulima waliopanda upya walichagua kati ya kloni za Davis, kloni mpya zilizoteuliwa Dijon, Ufaransa, kama vile namba 76, 95 na 96, na vikonyo vya zamani vilivyokatwa katika mashamba machache yaliyobaki. Ni katika mazingira hayo ya upotevu ndipo neno “urithi” lilipoanza kuwa na bei sokoni. Kilichokuwa kawaida ya ujirani katika miaka ya 1940 kilikuwa sasa adimu, na adimu huandikwa kwenye lebo.

7.0 Uwezo wa Kukaa Unatoka Wapi?

Katika maelezo ya kawaida, ushahidi mkuu wa ubora wa Chardonnay ya California ni shindano la Paris la tarehe 24 Mei 1976, lililoandaliwa na Steven Spurrier. Waamuzi tisa Wafaransa walionja mvinyo bila kuona lebo, na Chateau Montelena ya 1973, iliyotengenezwa na Mike Grgich, ikashika nafasi ya kwanza mbele ya mvinyo mashuhuri wa Burgundy. Sehemu ya zabibu zake ilitoka Sonoma, likiwemo shamba la familia ya Bacigalupi lililopandwa vikonyo vya ukoo wa Wente. Kwa hiyo ushindi huo umehesabiwa mara nyingi kuwa ushindi wa mizabibu ya urithi.

Hata hivyo, shindano hilo haliwezi kubeba hoja ya kukaa. Mvinyo ulioshinda ulikuwa na umri wa chini ya miaka mitatu. Zaidi ya hayo, mwaka 1986 shindano liliporudiwa ili kuona jinsi mvinyo ulivyostahimili miaka kumi, ni mvinyo mwekundu tu uliopangwa mezani. Mweupe uliachwa kwa kudhaniwa kuwa umepita wakati wake. Paris ilithibitisha kwamba Chardonnay ya California ni nzuri ikiwa changa. Haikuthibitisha wala kukanusha kwamba inakaa. Ushahidi wa kukaa unatoka kwenye maghala ya mashamba madogo, katika chupa za Hanzell, Stony Hill na Mount Eden zilizofunguliwa miongo kadhaa baada ya mavuno na kukutwa bado hai. Na Mount Eden, ikumbukwe, inatokana na vikonyo vya Masson. Uwezo wa kukaa haukuwa mali ya ukoo mmoja.

Ushahidi mwingine unatoka Burgundy yenyewe. Kuanzia mavuno ya katikati ya miaka ya 1990, hasa 1995 na 1996, wanunuzi waligundua kwamba chupa nyingi za Chardonnay ya daraja la juu zilikuwa zikigeuka rangi ya dhahabu nzito na kupoteza uhai ndani ya miaka michache, wakati zilitarajiwa kukaa miaka ishirini. Mashamba yalikuwa yaleyale, na mizabibu mingi ilikuwa mizee ya uteuzi wa shamba. Kilichobadilika kilikuwa kiwandani: mashine laini za kukamua zilizoacha kwenye maji ya zabibu kiasi kidogo cha viambata vya ganda, kupunguzwa kwa salfa, kukorogwa zaidi kwa machicha ndani ya pipa, na vizibo visivyoaminika. Wataalamu wameendelea kubishana kuhusu uzito wa kila sababu, lakini wanakubaliana kwamba tatizo lilihusu oksijeni na namna mvinyo ulivyokingwa dhidi yake.

Tukiweka ushahidi huu pamoja, picha inakuwa wazi zaidi. Davis ilionesha kwamba nasaba ileile, ikibadilishiwa afya, kigezo cha uteuzi na mahali pa kupandwa, hutoa mvinyo wa aina nyingine. Burgundy ilionesha kwamba mizabibu na ardhi vikibaki vilevile huku desturi ya kiwandani ikibadilika, uwezo wa kukaa unaweza kupotea ndani ya kizazi kimoja. Mount Eden ilionesha kwamba nasaba tofauti, ikipata ardhi na uangalizi unaofaa, hufikia matokeo yanayokaribiana. Nasaba ya Wente, basi, ni sharti linalosaidia. Ilitoa mmea wenye punje ndogo, asidi nzuri na tofauti za ndani ambazo mkulima makini angeweza kuzitumia, lakini haikutoa hakikisho.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba urithi wa mizabibu ya Wente una matabaka matatu. La kwanza ni nasaba, inayorudi katika vyanzo viwili vya mwanzoni mwa karne ya 20 na, kabla ya hapo, katika ndoa ya Pinot na Gouais. La pili ni hali ya mmea, pamoja na virusi vyake, ambayo sayansi ya Davis iliitenga na nasaba. La tatu ni desturi ya kazi, ambayo ilikuwa ya aina moja Stony Hill na ya aina nyingine Hanzell, lakini kote iliongozwa na subira. Lebo inayosema “urithi” kwa kawaida hutaja tabaka la kwanza na kumwachia mnunuzi adhani kwamba mengine mawili yamo.

Kwa mwanahistoria, funzo linavuka mipaka ya mvinyo. Mimea inayoendelezwa kwa kikonyo au pingili ni kumbukumbu hai, lakini ni kumbukumbu ambayo kila mtunzaji huihariri. Ernest Wente aliihariri kwa alama alizotia shambani, Marufuku ya Pombe yaliihariri kwa kufuta mashamba ya jirani, na Olmo aliihariri kwa joto. Mtafiti anayetaka kuandika historia ya zao la aina hii hana budi kuuliza mmea ulitoka wapi, na kisha aulize ni nani aliyeukata, aliukata kwa kigezo gani, na ni nini kilichoachwa shambani wakati kikonyo kilipoondoka. Katika Bonde la Livermore na milima ya Sonoma, majibu ya maswali hayo bado yanaweza kupatikana kwa sehemu, kwa kuwa baadhi ya mizabibu ya miaka ya 1950 ingali inazaa. Ikishang’olewa, kitakachobaki ni lebo.